Kigango: Usimulizi wa Kifo katika Mti

Hadithi za katuni husimulia kifo kwa fremu zinazofuatana. Wagiriama wa Kilifi na Malindi walichagua fremu moja tu: kigango. Huu ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara na shingo, usio na mikono wala miguu; kiwiliwili kimejaa nakshi za pembetatu. Husimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Wengine huwekewa koma, kijiti kisicho na mapambo.

Kusimikwa kwenyewe ni kisa. Aghalabu marehemu humtokea jamaa ndotoni akidai makao. Akishapewa, hang'olewi: ukoo ukihama, kigango hubaki pale pale, kiliwe na mchwa na mvua. Mti nao hufa, taratibu, na huo ndio ukurasa wa mwisho.

Makumbusho humwondolea marehemu ukurasa huo (mchwa hawaruhusiwi humo!). Vigango viwili ambavyo Kalume Mwakiru aliwasimikia nduguze, vilivyopigwa picha mwaka 1985, viliibwa, vikaonekana katika makumbusho mawili ya Marekani. Vilirejeshwa kwa familia mwaka 2007.