Kuitambua Injini Isiyojulikana

Gari la kale linapoletwa karakanani ili lifufuliwe, jambo la kwanza linalopasa kujulikana ni aina ya injini iliyomo. Swali hilo huonekana jepesi, kwani jina la gari limeandikwa nyuma yake. Lakini gari lililotumika miaka hamsini au sitini huwa limepita mikononi mwa mafundi wengi, na yamkini injini lililotoka nayo kiwandani ilikwisha kuondolewa zamani. Jina hilo, basi, latoa habari za bodi tu. Halithibitishi kilichomo chini ya boneti.

Mfano unaofahamika sana katika Afrika Mashariki ni Peugeot 404, iliyoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960. Gari hili lilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1968 ikatokea Peugeot 504. Injini za petroli za magari haya mawili ni za ukoo mmoja: zina silinda nne, nazo zimelazwa upande kwa nyuzi 45. Kwa kufanana huko, injini ya 504 yaweza kukutwa ndani ya 404, na mwenye gari asitambue.

Namba ya injini

Hatua ya kwanza ni kutafuta namba iliyogongwa kwenye bloku. Uchafu huondolewa kwa mafuta ya taa na brashi. Tupa na msasa visitumike, maana hufuta kile kinachotafutwa. Namba ikisomeka, hulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji. Hata hivyo, namba hueleza jinsi bloku ilivyozaliwa. Haielezi ni krankshafti au pistoni zipi zilizotiwa ndani yake baadaye. Kwa hiyo vipimo ni vya lazima.

Vipimo viwili

Vipimo vinavyohitajiwa ni kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni, yaani umbali ambao pistoni husafiri kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Injini ya 404 iliyoenea zaidi ina kipenyo cha milimita 84 na mwendo wa milimita 73. Injini ya 504 ya mwanzo ina kipenyo kile kile cha 84, lakini mwendo wake ni 81. Ile ya 504 iliyofuata ina kipenyo cha 88 na mwendo wa 81.

Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi apimaye kipenyo peke yake na kupata 84 hawezi kusema kama anatazama injini ya 404 au ya 504. Ujazo ndio utakaomwonyesha tofauti. Nusu ya kipenyo, yaani sentimita 4.2, huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa 3.1416, kisha kwa mwendo wa sentimita 7.3, na mwisho kwa idadi ya silinda, yaani 4. Jibu ni sentimita za ujazo 1,618. Mwendo ukiwa sentimita 8.1, jibu huwa 1,796.

Mwendo wa pistoni ni shahidi mwaminifu. Silinda hulika kwa kutumika, na shingo za krankshafti hupunguzwa unene zinapochongwa upya. Lakini mwendo ni mara mbili ya umbali kati ya kitovu cha krankshafti na kitovu cha shingo inayoshika konrodi, na uchongaji wa kawaida haubadili umbali huo.

Tahadhari wakati wa kupima

Ili kupima kwa hakika, silinda hedi hufunguliwa, kina cha pistoni hupimwa ikiwa juu na ikiwa chini, na tofauti yake ndiyo mwendo. Lakini silinda za injini hizi ni slivu zinazochomoka, zinazozungukwa na maji. Kabla ya kuizungusha krankshafti, slivu zote sharti zibanwe kwa bolti na washa pana. Zisipobanwa, huweza kupanda pamoja na pistoni, mihuri iliyo chini yake ikaharibika, na maji yakaingia katika oili. Hivyo injini nzima yaweza kuharibiwa na kipimo cha dakika kumi.

Hesabu ya beringi

Vipimo hivyo viwili navyo havimalizi kazi. Injini za mwanzo za 404 zilikuwa na beringi kuu tatu za krankshafti. Za baadaye zina tano. Kipenyo, mwendo na ujazo ni sawa katika zote mbili, lakini beringi na krankshafti zake haziingiliani. Hapana budi kukifungua chombo cha oili chini ya injini na kuzihesabu.

Uchunguzi huu huokoa fedha na injini yenyewe. Gasketi ya silinda ya milimita 84 ikifungwa katika injini ya 88, ukingo wake hutokeza ndani ya chumba cha moto na kuungua. Krankshafti yenye mwendo wa 81 huipandisha pistoni milimita 4 zaidi kuliko ile ya 73. Pistoni isiyolingana nayo yaweza kugonga hedi mara injini inapozungushwa.

Namba, vipimo na hesabu ya beringi vikikubaliana, injini imetambulikana. Vikipingana, yaelekea injini imeundwa kwa sehemu za injini mbalimbali, na kila sehemu itaagiziwa vipuri vyake. Matokeo yaandikwe na kuhifadhiwa pamoja na hati za gari, ili fundi atakayelipokea baada ya miaka ishirini asianze tena kwa kukisia.