Ijue Kamera Kabla ya Kumsimamisha Nyanya

Mimi ndimi mpiga picha wa chama chetu cha Kiswahili, cheo nilichopewa kwa sababu moja tu: siku ya uchaguzi sikuwepo. Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, chama hutumia kamera ndogo ya dijitali, ile ya kuingia mfukoni, ambayo mwalimu mlezi aliitoa kabatini kwake ilikokuwa imelala miaka mingi. Alinikabidhi pamoja na chaja yake, akaniambia, "Isome kwanza." Mimi nikajiuliza, kusoma kwa nini, na kitufe cha kubonyeza ni kimoja?

Likizo ya Agosti nikaenda nayo nyumbani, upande wa Manga kule Nyamira. Nyanya alipoiona alifurahi sana. "Ngoja kwanza nifunge kitambaa," akasema, akarudi na kile cheupe cha kanisani. Nikamsimamisha mbele ya jiko lake lililojengwa kwa mabati mapya, saa saba mchana, jua likiwaka. Nikapiga picha tatu. Nilipotazama kioo cha kamera sikuona kitu kwa ukali wa jua, nikasema, ah, ni sawa tu.

Nyanya alituaga mwezi wa Novemba. Tulipoipeleka picha mjini Kisii ili kitengenezwe kijitabu cha ibada ya mazishi, fundi aliifungua kwenye kompyuta, akanyamaza kidogo. Mabati yalimeta vizuri. Kitambaa kilikuwa cheupe pepepe. Uso wa nyanya ulikuwa giza totoro, hata macho hayaonekani. Tena picha yenyewe ilikuwa ndogo. Akijaribu kuikuza inageuka vijisanduku. Ikabidi itumike picha ya kitambulisho chake. Baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Hata hiyo inatosha." Tangu siku hiyo nikaanza kuisoma kamera, na niliyoyajua ndiyo haya ninayokuandikia.

Kwanza kabisa, elewa kwamba kamera haijui inatazama nini. Haijui huyu ni nyanya na yale ni mabati. Inachofanya ni kupima mwanga, kisha kukisia. Na kisio lake ni moja tu, kwamba ukivichanganya vyote vilivyo mbele yake, vyeupe na vyeusi, utapata kijivu cha katikati. Bila shaka umeyaona mawe ya Tabaka yanayochongwa vinyago. Yapo meupe, ya waridi na ya kijivu. Basi kamera huamini kwamba dunia nzima imechongwa kwa lile la kijivu! Ikikutana na mabati yanayong'aa husema, "Hapa mwanga umezidi," ikapunguza. Na ikipunguza mwanga wa mabati imepunguza pia wa uso ulio mbele yake. Uso ukiwa mweusi kama zetu, hapo ndipo unapotoweka kabisa.

Enzi za filamu, tusisahau, mambo yalikuwa magumu zaidi. Kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapa waosha picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, ikaitwa kadi ya Shirley. Kwa miaka mingi ngozi ya Shirley ndiyo iliyokuwa kipimo. Ngozi nyeusi ikajitafutia. Kamera ya dijitali haina kadi hiyo, lakini ile tabia ya kukisia bado inayo.

Kama huniamini, fanya jaribio hili hapa hapa bwenini. Tandika shati jeupe la shule kitandani, lijaze kioo chote cha kamera, piga. Kisha fanya vivyo hivyo na soksi nyeusi. Utashangaa: shati litatoka la kijivu, na soksi nazo zitatoka za kijivu! Hivyo basi, ni juu yako kuisahihisha.

Namna ya kuisahihisha ni hii. Zungusha gurudumu la juu kutoka alama ya kijani ya AUTO hadi herufi P. (Kamera nyingine hazina gurudumu, tafuta herufi hiyo ndani ya menyu.) Katika AUTO kamera nyingi hukataa kushauriwa, bali katika P zinasikiza. Halafu tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, + na −. Ukikibonyeza utaona mstari unaoanzia −2, kupitia sufuri, hadi +2. Ukienda upande wa + picha inakuwa nyangavu. Ukienda upande wa − inafifia. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi huanguka, nami nilianguka. Mbele yako pakiwa na weupe mwingi, akili itakwambia upunguze. Sivyo! Kamera imeshapunguza tayari. Wewe ongeza, hadi +1 hivi. Pakiwa na weusi mwingi, mathalani ng'ombe mweusi aliyejaza kioo, ndipo upunguze. Laiti ningalijua hilo Agosti ile, ningaliongeza +1 na kuyaacha mabati yaungue yanavyotaka. Nani aliyekuwa na haja ya mabati?

Njia ya pili ni fleshi. Najua utacheka, fleshi mchana? Ndiyo. Bonyeza kitufe chenye alama ya radi hadi radi ibaki peke yake bila herufi A. Hapo fleshi itawaka hata jua likiwaka. Itajaza kivuli kilicho usoni, na macho yatapata kile kinuru kidogo cha uhai. Ila ujue kwamba fleshi ya kamera ndogo hufika mita 3 hivi tu. Ukiipiga kutoka nyuma ya ukumbi siku ya maigizo, unamulika visogo vya wenzako.

Njia ya tatu haihitaji kitufe chochote, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi: mtoe mtu juani. Sisi wa Kisii na Nyamira tuko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta, na jua letu hufika juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba. Saa hiyo paji la uso huyatia macho kivuli, na kila mtu huonekana kama amekasirika. Subiri saa kumi na moja, au mketishe kwenye kivuli cha ukuta, uso ukielekea uwanjani kuliko na mwanga. Usimweke chini ya migomba, lakini. Mwanga unaopita kwenye majani hufika usoni ukiwa wa kijani, na mtu mzima huonekana mgonjwa.

Kuhusu kitufe kile cha kupigia, kumbe kina hatua mbili. Kibonyeze nusu, ungoje kisanduku kwenye kioo kigeuke kijani, ndipo umalizie. Hiyo nusu ndiyo inayoshika shabaha. Ukikisukuma chote mara moja, kamera itapiga ikiwa bado inatafuta, na utapata ukungu usio wa Nyamira.

Ndani ya nyumba, hasa katika jiko la kuni, tatizo ni mwanga kuwa haba. Hapo kuna mahali palipoandikwa ISO. Nje kwenye jua tumia 100. Ndani, 400. Ukipanda hadi 1600 kamera itaona gizani kweli, lakini picha itajaa chengachenga, utadhani mtu amemwaga unga wa wimbi juu yake. Kwa kawaida mimi huongeza ISO kidogo, kisha huiegemeza kamera juu ya meza na kutumia ile saa ya sekunde 2, ili kidole changu kisiitikise. Kioo kikionyesha 1/15 au 1/8, usijidanganye kwamba mkono wako umetulia.

Rangi sitakawia nazo. Alama za jua, wingu, balbu na taa ndefu huiambia kamera mwanga unatoka wapi, na kwa kawaida yenyewe hukisia vizuri. Zumu nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya lenzi yenyewe, unaiona ikitoka. Ya pili hukata tu kipande cha picha na kukikuza. Ile ya pili izime, usogee kwa miguu.

Sasa nirudi kwenye udogo wa picha, lile kosa langu la pili. Picha ya dijitali ni nukta. Kamera ya kwanza ya namna hii, aliyoiunda mhandisi Steven Sasson huko huko Kodak mwaka wa 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Kamera yetu ina nukta milioni kadhaa, lakini mtu aliyeitumia kabla yangu alikuwa ameipanga 640 kwa 480 ili kuokoa nafasi. Wachapishaji hutaka nukta 300 kwa kila inchi. Gawanya 640 kwa 300: upana wake haufiki hata inchi 2 na robo. Fungua menyu, chagua ukubwa wa juu kabisa. Hata kadi ndogo ya GB 2 hubeba mamia ya picha za namna hiyo, kwa hiyo hakuna unachookoa.

Na tarehe pia irekebishe, kwa sababu betri ikikaa bila chaji muda mrefu kamera husahau siku. Picha za nyanya zimeandikwa tarehe 1 Januari, mwaka ambao mimi sikuwa nimezaliwa.

Kamera nimeiomba tena kwa likizo ijayo. Babu bado yupo. Nitamketisha kwenye kivuli cha ukuta saa kumi na moja, kofia yake nitaomba aisogeze nyuma kidogo, halafu nitakimbia nayo ndani ya nyumba nitazame kioo gizani kabla sijamwambia ainuke.