Habasoda, Mlonge na Ini: Kinga Isigeuke Kuwa Kuchelewa



Katika nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Mkwaja na Pangani hadi Unguja na Pemba, habasoda, manjano na majani ya mlonge havikosekani. Tunaambiwa vinalinda ini na sumu. Je, kuna ukweli gani?

Ini ndilo linalovunja dawa na kemikali zinazoingia mwilini. Tuchukue parasetamoli. Ini linapoivunja, sehemu ndogo hugeuka sumu kali, lakini akiba ya kinga iitwayo glutathaioni huizima. Mtu akizidisha vidonge, akiba ile huisha na seli za ini huanza kufa.

Watafiti wamewapa panya parasetamoli nyingi, au kaboni tetrakloridi, kemikali iliyowahi kutumika kwa dobi. Panya waliopewa dondoo ya habasoda, manjano au mlonge, ini lao liliumia kidogo kuliko la wenzao. Hilo limeonekana mara nyingi, nasi tunamshukuru Aliyetia manufaa katika mimea.

Lakini tuangalie kwa makini. Katika majaribio mengi panya hutanguliziwa dondoo kabla ya sumu, na kwa kipimo kisicholingana na kijiko cha nyumbani. Huko Ulaya, silibinini, dondoo ya mmea mmoja wa miba, hutumika kwa waliokula uyoga wenye sumu. Hata hiyo hutiwa mshipani, hospitalini, chini ya daktari.

Sasa tufikirie mtoto wa Mkwaja aliyemeza vidonge vingi vya parasetamoli. Siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima, akacheza, huku ini linaungua ndani. Dawa yake, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kutoka Mkwaja kwenda mji wa Pangani kuna safari na mto wa kuvuka. Anayekaa kumnywesha mlonge ili "tuone kwanza" anazipoteza saa hizo. Na kwa jamaa zetu wa visiwani wenye bahari mbele yao, hali ni hiyo hiyo.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na ameisifu habasoda. Vilevile amefundisha kuwa anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Mafundisho haya yanakwenda pamoja.

Kwa hiyo, habasoda na manjano katika chakula ni neema, tuendelee navyo. Vidonge vya dondoo kali, vikiwemo vya manjano, vimewahi kuumiza ini lenyewe, tusivinywe kiholela. Mwenye homa ya manjano, au anayetumia dawa za kifua kikuu, amweleze daktari kila mti shamba anaotumia. Na sumu ikimezwa, twende hospitali kwanza, tukichukua pakiti ya dawa, huku tukimuomba Allah shifaa.

Wallahu aalam.