Mgeni Huulizwa kwa Kayamba

Huko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, mwele akishukiwa kuwa na pepo, haulizwi maswali kwanza. Hupigiwa kayamba. Mganga huanza na mpigo mmoja, waimbaji wakaitikia, naye macho yake yako mabegani mwa mgonjwa. Mabega yakitulia, mpigo hubadilishwa. Utapigwa wa Kikamba, utapigwa wa Kimasai, wa Kiarabu, mpaka ufikiwe ule ambao mwili wenyewe unaujibu kwa kutikisika. Hapo ndipo pepo huulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini?

Nimeanzia kilingeni kwa makusudi. Ikitajwa habari ya muziki kuwakutanisha watu wasiojuana, mawazo ya wengi huenda Diani, kwenye hoteli ambako “Jambo Bwana” ya bendi ya Them Mushrooms, iliyotoka mwaka 1982, bado huimbiwa watalii. Ni wimbo wa kukaribisha, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Ila mgeni anayeimbiwa haulizwi kinachomsumbua.

Tuangalie chombo chenyewe. Kayamba ni mabua membamba yaliyofungwa pamoja yakawa kama sinia bapa la pembe nne, katikati zikatiwa mbegu ngumu. Mpigaji hulishika kwa mikono miwili, akalitikisa upande huu na huu huku vidole gumba vikigonga. Sauti yake ni mvua juu ya mabati. Mara nyingi mpigo wake hugawanyika kwa tatu, ilhali makofi au ngoma iliyo chini yake hutembea kwa mbili. Baina ya tatu na mbili hubaki nafasi, na mwenye mikono hakosi pa kuingilia. Kiitikio nacho ni kifupi, maneno machache yanayorudiwa hata robo saa. Asiyejua Kidigo wala Kiduruma, lugha za huko, akishasikia mara nne, anaitikia. Urudiaji huo ambao masikio ya haraka huuona unachosha ndio mlango wa mgeni.

Mlango huo umewahi kupimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuwafuatilia kwa miezi 7 watu wazima waliojiandikisha madarasani bila kufahamiana. Baadhi walijifunza kuimba, wengine kazi za mikono au uandishi. Mwishoni ukaribu wao ulikuwa karibu sawa, lakini waimbaji walizoeana upesi zaidi. Kuimba kuliwafupishia njia. Kwa mgonjwa hilo si dogo, maana hana miezi 7 ya kungojea kuzoeana na watu.

Sasa rudi kwenye mipigo ile, ambayo kila mmoja hubeba jina la pepo wake, maana hapa ndipo penye utamu. Kwa nini Mmasai, Mwarabu, Mkamba, hata Mzungu? Hao ndio waliopita pwani hii: waliokuja kuteka ng’ombe, waliokuja na majahazi, waliokuja na biashara, waliokuja na kodi ya kichwa. Kila mmoja ameacha pepo mwenye lugha yake, nguo yake, chakula chake na mpigo wake. Mama wa kijijini anayeumwa na jambo lisilosemeka nyumbani kwake hulisema kwa kinywa cha mtu wa mbali. Mama huyo huitwa kiti. Pepo ndiye anayekikalia na kunena. Mwaka 1975 mtafiti Roger Gomm aliandika juu ya pepo wa Wadigo kwamba kupagawa ni namna ya mnyonge kupatana bei: mke asiye na sauti hudai kupitia pepo, na mume hulipa. Kuna ukweli ndani yake. Lakini naona hesabu hiyo inamtazama zaidi mume na mke, na kuwasahau walioketi mduara mzima wakiitikia mpaka koo kukauka. Hao hawadaiwi kitu na pepo.

Hata hivyo, masheikh wengi wa Kwale hawaipendi ngoma hii, na husema hivyo waziwazi. Nami naongeza kwamba degedege na kifafa havingojei kayamba; hospitali ya Msambweni ipo.

Si mapepo tu waliokuja na mipigo yao. Wamakonde walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakaja na ngoma yao ya sindimba, wengine wakafanya makao Makongeni, Msambweni. Walikaa miongo mingi bila kitambulisho. Mwaka 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Serikali ilichukua miaka yote hiyo kuuliza swali ambalo mganga huliuliza kwa usiku mmoja.

Kupunga pepo, kwa watu wa pwani, mara nyingi si kufukuza. Pepo hupatana na kiti chake: atapewa kitambaa chake, atapigiwa tena akihitaji, naye asimsumbue mwenye mwili. John Janzen, aliyeandika kitabu kizima kiitwacho Ngoma mwaka 1992, aliuona mtindo huu kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town: aliyeugua huingizwa katika kundi la waliowahi kuugua, na baadhi yao huja kuwa waganga. Basi makayamba yakiwekwa chini alfajiri, mwele hajamaliza. Siku jirani yake atakapoketishwa mduarani, ataitwa, naye atakaa upande wa waitikiaji.