Shule ya ‘kimataifa’ ilianzia wapi, na mzazi analipia nini hasa?

Neno “kimataifa” limekuwa la kawaida kwenye mageti ya shule za mijini. Kuna shule ambayo darasa moja lina watoto kutoka nchi nyingi na mitihani yao inasahihishwa nje. Kuna nyingine ambayo watoto wote wanatoka kata mbili tatu za jirani, mtihani wao ni ule ule wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na cha kimataifa ni bango na lugha ya kufundishia. Zote mbili zinaweza kuwa shule nzuri.

Tatizo linaanza pale mzazi anapokopa au kuuza kiwanja ili alipe ada, huku hajui neno hilo linambebea ahadi gani. Historia ya shule hizi inasaidia kulielewa, na sehemu ya historia hiyo iko Moshi.

Watoto wanane Geneva

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mataifa yaliunda Shirika la Mataifa, ambalo makao yake yaliwekwa Geneva, Uswisi. Ndilo shirika lililoiweka Tanganyika chini ya usimamizi wa Uingereza baada ya Wajerumani kushindwa. Maofisa wake, pamoja na wale wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), walihamia Geneva na familia zao wakitokea kila upande.

Hapo wakakutana na swali analolijua kila mzazi aliyehamishwa kikazi: watoto watasoma wapi? Shule za mji zilifundisha kwa Kifaransa na kwa mtaala wa Uswisi. Mtoto ambaye wazazi wake wangerudi kwao baada ya miaka michache angejikuta hana pa kuingilia.

Mwaka 1924 baadhi ya maofisa hao, akiwamo Mmarekani Arthur Sweetser na daktari wa Kipolandi Ludwik Rajchman, waliungana na walimu wa Geneva wakafungua shule yao. Ilianza na watoto wanane tu. Mmoja wa walimu hao alikuwa Adolphe Ferrière, aliyeamini kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, kuuliza na kushirikiana na wenzake, si kwa kukaa kimya akinakili ubaoni. Miongoni mwa waliopita hapo miaka ya mwanzo ni Indira Nehru, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa India kwa jina la Indira Gandhi.

Shule hiyo ipo hadi leo, na imekuwa mfano kwa nyingine nyingi.

Mwalimu aliyekataa ramani ya nchi moja

Aliyeipa shule hiyo sura yake ni Marie-Thérèse Maurette, Mfaransa aliyeiongoza kuanzia 1929 hadi 1949. Alikuta watoto ambao baba zao walikuwa wamepigana pande tofauti za vita ile ile, akajiuliza wasomeshwe nini ili nao wasije wakapigana.

Majibu yake yalikuwa ya darasani. Katika jiografia, mtoto alianza na dunia nzima, bahari na mabara yake, ndipo akashuka kwenye nchi moja moja. Historia haikuwa ya taifa moja na mashujaa wake. Kila mwanafunzi alitakiwa kujua Kifaransa na Kiingereza, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mgeni kwa mwenzake siku zote. Wanafunzi pia walipewa majukumu katika maisha ya shule.

Mwaka 1948 aliandika kijitabu kwa ajili ya UNESCO kinachouliza kama kweli zipo mbinu za kuelimishia amani.

Kuna jambo hapo la kuzingatia. Kifaransa kilikuwa lugha ya mji uliowapokea. Shule ile haikuwatenga watoto na mahali walipoishi. Iliwataka waifahamu lugha ya muuza mkate na ya jirani. Tena wazazi waliianzisha ili watoto waweze kurudi makwao bila kupotezana na elimu ya huko. Tangu mwanzo, basi, ukimataifa ulikuwa na miguu miwili: kuijua dunia, na kuwa na pa kurudi.

Mtihani mmoja kwa wote

Kwa miaka mingi shule za aina hiyo zilikwama kwenye madarasa ya mwisho. Watoto waliosoma pamoja tangu utotoni walitenganishwa ilipofika zamu ya kujiandaa na chuo kikuu. Mfaransa alikwenda kwenye mtihani wa Ufaransa, Mwingereza kwenye ‘A-level’, Mmarekani kwenye mitihani ya vyuo vya kwao. Shule moja ikawa na vijidarasa vya watoto wachache wachache, kila kimoja na silabasi yake.

Walimu wa Geneva walianza kutafuta mtihani mmoja ambao vyuo vya nchi mbalimbali vingeukubali. Kazi hiyo ilizaa International Baccalaureate, maarufu kama IB, iliyoundwa rasmi Geneva mwaka 1968. Mkurugenzi mkuu wake wa kwanza alikuwa Alec Peterson, mwalimu wa walimu kutoka Oxford.

Moshi inapoingia

Mwaka 1969 ilianzishwa shule ya kimataifa mjini Moshi, wakati Hospitali ya KCMC ikijengwa na kuleta madaktari na wataalamu kutoka nje. Swali lilikuwa lile lile la Geneva: watoto wa hawa watasoma wapi? Shule hiyo ikawa miongoni mwa za mwanzo Afrika kufundisha Diploma ya IB.

Mwaka 1978 chama cha shule za kimataifa kilifanya mkutano Moshi kuhusu mahitaji ya mtoto wa miaka ya kati ya sekondari, yule ambaye si mdogo tena lakini bado hajafika kwenye mitihani ya mwisho. Mawazo yaliyotoka kwenye mkutano huo yaliendelezwa kwa miaka, hadi mwaka 1994 IB ikazindua programu yake ya miaka ya kati, inayofundishwa leo katika nchi nyingi. Mizizi yake iko chini ya Mlima Kilimanjaro.

Mwaka 2019 shule hiyo, ambayo sasa ina kampasi za Moshi na Arusha, ilijiunga na mtandao wa United World Colleges (UWC). Mtandao huo ulitokana na mawazo ya mwalimu wa Kijerumani Kurt Hahn, na chuo chake cha kwanza kilifunguliwa Wales mwaka 1962. Vyuo vya UWC hupokea vijana wengi kupitia kamati za kitaifa zinazochagua kwa uwezo na kutafuta ufadhili kulingana na hali ya familia. Kwa mzazi mwenye kijana hodari na kipato kidogo, huo ni mlango wa kuulizia.

Mtoto anasoma nini

Shule nyingi za kimataifa hapa nchini hufuata mmoja wa mitaala miwili, wa Cambridge au wa IB. Cambridge inajulikana zaidi kwa mitihani ya IGCSE, iliyoanza mwaka 1988, ambayo kwa ngazi inakaribiana na kidato cha nne. Mtoto huchagua masomo na kila somo lina cheti na alama yake.

IB imegawanywa kwa umri. Ya watoto wadogo, iliyoanza 1997, inapanga masomo kuzunguka mada. Wakisoma kuhusu maji, kwa mfano, hesabu, sayansi na lugha zote zinapita humo, na mwaka wa mwisho watoto hufanya utafiti wao na kuuonyesha mbele ya wazazi. Ya miaka ya kati ina makundi manane ya masomo, na mwishoni kila mwanafunzi hufanya mradi wake binafsi.

Diploma ni ya miaka miwili ya mwisho. Hapa ndipo tofauti na kidato cha tano na sita inapoonekana wazi. Badala ya tahasusi ya masomo matatu makuu, mwanafunzi husoma sita, kwa kawaida matatu kwa ngazi ya juu na matatu kwa ngazi ya kawaida. Lazima awe na lugha mbili, somo la jamii, sayansi na hisabati.

Juu ya hayo kuna mambo matatu ya lazima: somo linalohoji tunajuaje tunachodai kukijua, insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na shughuli za ubunifu, michezo na kuhudumia jamii. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Sita zinafanya 42, na insha pamoja na somo la maarifa huongeza hadi 3, hivyo ukomo ni 45. Diploma huhitaji alama zisizopungua 24, pamoja na masharti mengine.

Hesabu ya kurudi nyumbani

Wazazi wengi huuliza kama cheti kitampeleka mtoto Ulaya au Marekani. Swali linalosahaulika ni kama kitamrudisha.

Mfano mmoja unatosha. Kijana wa tahasusi ya PCB anasoma fizikia, kemia na baiolojia, masomo matatu yanayodaiwa kwa udaktari katika vyuo vikuu vya Tanzania. Mpangilio wa kawaida wa Diploma ya IB hauachi nafasi ya kusoma sayansi hizo zote tatu. Familia inayotaka mtoto asomee udaktari hapa nchini inapaswa kukiuliza chuo kabla mtoto hajachagua masomo, maana akishamaliza ni vigumu kurekebisha. Vivyo hivyo, matokeo ya mtihani wa nje huhitaji kulinganishwa na NECTA kabla ya kutumika nchini, na utaratibu huo ni vyema ukajulikana mapema.

Kuna pia lugha. Kiswahili hutahiniwa katika IGCSE, na katika IB kinaweza kusomwa kama fasihi ya lugha ya kwanza au kama lugha ya pili. Kwa hiyo shule isiyokifundisha imechagua hivyo, mtaala haukuikataza. Mtoto anayemaliza miaka 12 ya shule akiwa hawezi kumwandikia bibi yake barua amepoteza mguu mmoja kati ya ile miwili. Wahenga walishasema mkataa kwao mtumwa, na hapa anayekatazwa kwao ni mtoto ambaye hakuulizwa.

Maswali ya kwenda nayo shuleni

Kabla ya kulipa ada ya kujiunga, ambayo shule nyingi hazirudishi, mzazi aulize haya na apewe majibu yaliyoandikwa:

Mtoto atafanya mtihani wa nani, katika darasa gani, na gharama ya mtihani imo ndani ya ada?

Shule imeidhinishwa au bado inaomba? IB huweka kwenye tovuti yake orodha ya shule zilizoidhinishwa. Shule iliyo kwenye mchakato bado haina ruhusa ya kutoa programu hiyo, hata kama bango limeshawekwa.

Kiswahili kinafundishwa vipindi vingapi kwa wiki, na mwalimu wake ana ujuzi sawa na wa walimu wengine?

Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi, na wangapi waliingia vyuo vya hapa nchini?

Ada ikishindikana katikati, mtoto atahamia wapi bila kurudishwa darasa?

Swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na wazazi wengi huona aibu kuliuliza. Kazi hupotea, biashara huyumba, mfadhili hufariki. Mtoto anayetolewa kwenye mtaala wa nje akiwa darasa la tisa la huko hapokelewi kirahisi kidato cha tatu, kwa sababu masomo na usajili wa mitihani havilingani. Familia yenye uhakika wa ada ya miaka minne tu inaweza kufaidika zaidi kwa kuitumia yote katika hatua moja inayokamilika na cheti, kuliko kuanza safari ya miaka 12 itakayokatika njiani.