Katoni Inayopanda Mau

Jioni lori likiondoka Kisumu na mzigo wa supamaketi, linaanza safari kwenye mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari. Linakata tambarare za Kano, linapita Ahero na Awasi, linaanza kukwea kuelekea Kericho, na usiku unapokolea liko Mau Summit, karibu mita 2,500. Kisha linateremka Salgaa na Nakuru, linapanda tena ukingo wa Bonde la Ufa na kuvuka Limuru hadi Nairobi. Ni kilomita 350 hivi. Kwa dereva hiyo ni njia ya kila wiki. Kwa katoni iliyozibwa Milimani, mtaa wa Kisumu, alasiri ya joto, kila mlima na kila mteremko una hewa yake, na hewa hiyo ndiyo inayoamua mzigo utafika katika hali gani.

Watu wengi wanaofungasha bidhaa nyumbani humwogopa kuli anayerusha mizigo. Yupo, na anarusha kweli. Lakini kuli huonekana, na ukimwona utamkemea. Hewa huharibu mzigo bila kelele.

Tuanze na kanieneo. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa iliyo juu yako inavyopungua, na ndivyo inavyokukandamiza kidogo. Kisumu ni takriban kilopaskali 88. Mau Summit ni 75 hivi. Mfuko wa chevda uliozibwa Milimani ukiwa na mililita 100 za hewa ndani, ukifika Mau hewa hiyohiyo itataka nafasi ya mililita 118. Baridi ya usiku huisinyaza kidogo, ila mifuko iliyo katikati ya lori hupoa polepole. Kama umeishindilia mifuko katoni nzima bila pengo, itasukumana, itatunisha kuta za katoni, na penye mshono dhaifu patafunguka. Dawa yake ni kuubana mfuko utoke hewa kidogo kabla ya kuziba, na kuacha nafasi juu. Usiitoe yote: hewa ndiyo inayozuia chevda kuwa unga. (Mambo huwa kinyume kwa mzigo unaotoka Nairobi. Mfuko hufika Kisumu umelegea, na mteja hudhani amepunjwa.)

Chupa ya siagi ya njugu haiwezi kutanuka, kwa hiyo tofauti ya kanieneo huangukia kifuniko. Kifuniko chenye upana wa sentimita 6 kinaweza kusukumwa kutoka ndani kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 4. Kikiwa kimekazwa barabara, hakuna neno. Kikiwa kimelegea, mafuta yanayoelea juu ya siagi hupenya, yanalowesha lebo, kisha yanaingia kwenye karatasi ya katoni.

Hata hivyo balaa kubwa zaidi ni unyevu. Hewa ya kando ya ziwa ina maji mengi. Ukifunika lori kwa turubai saa kumi na moja jioni, umefungia ndani mvuke ambao utaanza kugeuka maji mara tu joto likishuka chini ya nyuzi 20 hivi. Mau usiku hushuka hata kufikia nyuzi 10. Turubai au bati la juu hutoa jasho, na jasho hudondokea safu ya juu ya katoni. Mzigo unafika umelowa na dereva anaapa kwamba mvua haikunyesha. Anasema kweli.

Katoni ni karatasi tatu zilizogundishwa: mbili bapa nje na ndani, na katikati yao moja iliyokunjwa mawimbi. Ubunifu huu ni wa zamani. Albert Jones wa New York aliipatia hataza karatasi ya mawimbi kwa kufungia chupa mwaka 1871, na mwaka 1874 Oliver Long akaongeza karatasi bapa pande zote mbili. Nyuzi za karatasi hushikamana kwa viunganisho vidogo vya haidrojeni. Molekuli ya maji ikijipenyeza kati ya nyuzi mbili, inachukua nafasi ya kiunganisho hicho, na nyuzi zinaanza kuteleza. Kwa macho katoni inaonekana nzima. Ukiibonyeza kona kwa dole gumba ndipo utajua.

Mwaka 1963 R. C. McKee na wenzake, watafiti wa karatasi huko Appleton, Wisconsin, walitoa hesabu fupi ya kukadiria uzito ambao katoni inaweza kubeba juu yake. Inahitaji vitu vitatu tu: uimara wa ukingo wa karatasi, unene wake, na mzingo wa katoni. Tuchukue katoni ya kawaida ya tabaka moja la mawimbi, sentimita 40 kwa 30, unene wa milimita 4. Hesabu inatoa kilo 220 hivi. Ukiitia chupa kumi na mbili za siagi ya njugu itakuwa na kilo 8, na ukipanga sita juu kwa juu, ya chini inabeba kilo 40. Unaona kama una akiba ya kumwaga.

Lakini zile kilo 220 ni za maabara, kwenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Katika unyevu mkubwa, kama wa masika, katoni hupoteza nusu ya nguvu, wakati mwingine zaidi: zimebaki 110. Karatasi iliyobebeshwa mzigo huchoka hata bila kuguswa. Ikikaa ghalani mwezi mmoja hupoteza karibu asilimia 40, na sasa ni 66. Halafu mpangaji, kwa nia njema kabisa, anapishanisha katoni kama fundi anayejenga ukuta wa matofali ili zisianguke. Karibu theluthi mbili za nguvu ya katoni ziko kwenye kona zake nne. Ukipishanisha, kona ya juu inakaa katikati ya ubavu wa ile ya chini, mahali palipo dhaifu, na nguvu inaweza kupungua kwa nusu nyingine. Tumefika 33, na mzigo ni 40. Hasara hizi huzidishana, ndiyo maana katoni iliyosimama vizuri wiki tatu hubonyea siku moja bila sababu ya kuonekana.

Kwa hiyo panga kona juu ya kona, zungushia plastiki ya paleti ili rundo lisiyumbe, na usiache katoni ichungulie nje ya ukingo wa paleti, maana hapo kona zake zinaning'inia hewani. Jambo jingine ambalo wengi hawapendi kulisikia: katoni ya mtumba iliyochukuliwa dukani, yenye jina la mafuta ya kupikia ubavuni, mawimbi yake yameshapondeka. Naona watu wakinunua plastiki ya mapovu ya bei ghali kisha wanaitia kwenye katoni hiyo. Fedha hizo zingenunua katoni mpya.

Sasa tumrudie kuli. Majaribio ya ISTA, shirika linaloweka taratibu za kupima vifurushi vya safari, huangusha kifurushi cha chini ya kilo 10 kutoka sentimita 76, mara kumi: kona moja, kingo tatu, pande sita. Kutoka kimo hicho kitu hugonga sakafu kikienda kilomita 14 kwa saa. Kinachovunja ni umbali wa kusimama. Kinyago cha jiwe la Kisii kutoka Tabaka kikisimama ndani ya milimita 2, kinapata mshtuko wa wastani wa takriban mara 380 ya uzito wake, na mkono mwembamba wa kinyago unakatika. Kikipewa sentimita 3 za kitu kinachobonyea, mshtuko unashuka hadi mara 25. Jaribio hili la kuangusha unaweza kulifanya barazani kwako Milimani kwa katoni moja kabla ya kutuma mia.

Hapa hewa inageuka rafiki, mradi imefungwa. Masanduku meupe yanayobeba minofu ya sangara na barafu ni karibu asilimia 98 hewa. Bua la gugu maji nalo limejaa vyumba vidogo vya hewa, ndivyo linavyoelea. Gugu hili lilionekana upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mafundi wa Kisumu wamekwisha kulifanya vikapu na viti. Mabua makavu yaliyofungwa ndani ya karatasi hubonyea na kurudi, na hayana ugomvi na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017. Sharti ni moja: yakauke kabisakabisa. Bua bichi ni maji zaidi ya asilimia 90, na lililokaushwa nusunusu litaota ukungu ndani ya katoni na kuipa karatasi unyevu uleule tuliokuwa tukiukimbia. Kwa mzigo wa kwenda ng'ambo, mabaki ya mimea yatataka ukaguzi wa KEPHIS, shirika la Kenya la afya ya mimea, basi huko tumia karatasi tupu.

Safari ikiisha, langoni mwa ghala la supamaketi mpokeaji hutazama tarehe ya mwisho wa matumizi, kona za katoni, na mistari ya msimbo. Namba za msimbo za Kenya huanza na 616, zikitolewa na GS1 Kenya. Chapa nyeusi juu ya lebo nyeupe husomeka. Selotepu inayong'aa ikipita juu yake huirudishia mashine mwanga wake. Bandika lebo pande mbili zinazopakana, mbali kidogo na kona, ili mpokeaji asiigeuze katoni kutafuta namba.