Vidole Vinavyoishinda Kompyuta

Miongoni mwa vitu vya mviringo kamili kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa ni tufe la silikoni lenye kipenyo cha milimita 93.6 na uzito wa kilo moja hivi. Lilisuguliwa Sydney, Australia, na fundi wa lenzi Achim Leistner, ili wanasayansi wahesabu atomu zake katika jitihada za kuipa kilo maana mpya. Mashine zilisaidia, lakini umaliziaji ulitegemea mikono yake. Lau tufe hilo lingekuzwa likalingana na Dunia, kutoka bonde lake la chini kabisa hadi kilele chake pangekuwa na mita 14 tu. Kilimanjaro ina 5,895. Kwangu mimi, hakuna rekodi ya uchongaji inayoipita hii.

Mikono ilianza kuchonga vitu vya mviringo zamani sana. Picha kongwe inayojulikana ya kerezo, chombo kinachozungusha kitu ili kichongwe, imo katika kaburi la Petosiris, Misri, la karibu mwaka 300 KK: mtu mmoja anavuta kamba, mwingine anachonga.

Tundu lenye faida kubwa kuliko yote? Nalitaja la Mwingereza John Wilkinson. Mvuke ulikuwa ukivuja katika injini ya James Watt kwa sababu hakuna aliyeweza kukereza silinda ya mviringo sawasawa. Wilkinson akaunda mashine yake mwaka 1775, na mwaka uliofuata Boulton, mbia wa Watt, akaisifu silinda ya inchi 50 ambayo kosa lake halikufikia unene wa shilingi ya zamani. Karakana ya leo ingeikataa kazi hiyo. Wakati ule ndiyo iliyoifanya injini ifae. Usahihi wa mkono ukaendelea kukua: mwaka 1851 mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alionyesha London kifaa cha kupimia kinachotambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi, kwa skrubu iliyozungushwa kwa mkono.

Ushindi wa kompyuta, kwa upande wake, uko kwenye maumbo yaliyopinda. Huko Michigan, Marekani, John Parsons alihitaji vipimo vya mapanga ya helikopta, akavipata kwa mashine ya hesabu ya IBM. Kuchonga kukahitaji watu watatu: mmoja akisoma namba kwa sauti, wawili wakizungusha magurudumu ya mashine, kila mmoja upande wake. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine iliyojisomea namba kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Nafasi ya wale watatu ikachukuliwa na karatasi.

Kerezo kubwa lililosifika kwa usahihi kuliko yote, lililoongozwa na kompyuta, lilikamilika mwaka 1983 katika maabara ya Lawrence Livermore, California. Lilikata kwa ncha ya almasi vioo vyenye upana wa hadi mita 1.65, likikosea nanomita 28 hivi. Unywele mmoja una makumi ya maelfu ya nanomita. Hata hivyo, mpaka leo, watengenezaji wa mashine bora zinazoongozwa na kompyuta huwaita mafundi wenye vikwangulio kusawazisha kwa mkono nyuso ambazo sehemu za mashine hizo huteleza juu yake.